Sikukuu za Mababu Mikononi mwa Asiyeamini

Hotuba kwa mkutano wa walimu wa dini na historia, Mombasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kualikwa kuzungumza mbele ya watu ambao wengi wao wanafundisha dini wanayoiamini, ilhali mimi nimekuja kuizungumzia dini niliyozaliwa ndani yake na ambayo sijaiamini tangu ujana wangu. Mimi ni Myahudi. Wazazi wangu waliikimbia Ujerumani kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wakapata hifadhi Kenya. Mimi nimezaliwa Nairobi, na maisha yangu ya kazi nimeyamaliza hapa pwani nikifundisha historia. Siendi sinagogi kusali, wala sidhani kwamba yuko azisikiaye sala. Hata hivyo, kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, naketi mezani pamoja na jamaa na marafiki kwa Pasaka ya Kiyahudi, tukasoma kisa cha Waisraeli kutoka Misri tangu mwanzo hadi mwisho, na ifikapo Siku ya Upatanisho sifanyi kazi yoyote. Anayeyajua yote mawili hunikabili kwa swali lile lile: kama huamini, unaadhimisha nini?

Nitajaribu kulijibu bila kuwakwaza mnaoamini na bila kujifanya kwamba jibu ni jepesi. Ninachoshikilia ni kwamba kutoamini hakumpunguzii mtu kazi katika sikukuu, kunamzidishia. Anayeamini huipokea siku ikiwa imekamilika, imewekwa na Mungu, na wajibu wake ni kuitimiza. Asiyeamini analazimika kuuliza nani aliiweka, lini, kwa haja gani, lipi katika kisa chake ni kweli, lipi si kweli, na lipi halifai kusomwa mbele ya watoto bila maelezo. Na baada ya kuuliza yote hayo bado inambidi aamue kama ataandaa meza au hataandaa. Wahenga wa pwani hii walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nami nazitazama sikukuu zetu kwa jicho hilo: zimeundwa na watu, zikakarabatiwa na watu kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hiyo hiyo nazipenda.

Kwanza niondoe utata mmoja. Kwa Mwislamu au Mkristo, imani ikiondoka jina nalo kwa kawaida huondoka. Kwetu sivyo, kwa kuwa Uyahudi ni dini na papo hapo ni ukoo, na sheria ya marabi, walimu wa dini yetu, wenyewe humhesabu aliyezaliwa na mama Myahudi kuwa Myahudi hata akikana kila kitu. Ndiyo maana watu wa namna yangu ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, kilieleza kwamba asilimia 27 ya Wayahudi watu wazima wa nchi hiyo hawajitambulishi na dini yoyote, na kwamba ni asilimia 26 tu ya Wayahudi wote waliosema wanamwamini Mungu kama anavyoelezwa katika Biblia. Lakini asilimia 62 walikuwa wamehudhuria chakula cha Pasaka katika mwaka uliotangulia. Kuhusu Israeli, ripoti ya kituo hicho hicho ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba karibu nusu ya Wayahudi wa huko hujiita watu wasio wa dini, na kati ya hao asilimia 87 walikuwa wameketi kwenye meza ya Pasaka. Wanaoila Pasaka, kwa maneno mengine, ni wengi kuliko wanaomwamini aliyeiamuru.

Hali hii ina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya Ulaya Mashariki na katika mitaa ya wahamiaji ya London na New York, kulikuwa na vijana maelfu waliotoka katika nyumba za wacha Mungu wakaingia viwandani na kuanza kusoma siasa na sayansi. Baadhi yao, hasa waliofuata siasa ya kupinga dola na dini kwa pamoja, waliona kuwa njia ya kujikomboa ni kuvunja miiko hadharani. Mwaka 1888 huko London waliandaa dansi, muziki na chakula kwa ajili ya Siku ya Upatanisho, siku ambayo Myahudi mcha Mungu hufunga kwa saa 25 bila chakula wala maji, na jambo hilo likaigwa New York na kwingineko kwa miaka kadhaa. Dansi zile hazikudumu, na sishangai. Anayechagua kula na kucheza siku ile ile, mwaka baada ya mwaka, bado kalenda yake inapangwa na Siku ya Upatanisho. Amebadilisha tu cha kufanya.

Wengine walishika njia ya pili. Mwandishi aliyejulikana kwa jina la Ahad Ha'am, ambaye hakuwa mtu wa ibada, aliandika mwaka 1898 kwamba Sabato imewatunza Wayahudi kuliko Wayahudi walivyoitunza Sabato. Mshairi Bialik na mwenzake Ravnitzky waliketi Odessa wakachambua Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, na vitabu vingine vyao, wakatoa visa na mafumbo yake, wakavipanga kwa mada na kuvichapisha kati ya mwaka 1908 na 1911 kwa ajili ya wasomaji ambao hawangeifungua tena Talmudi yenyewe. Baadaye, akiwa Tel Aviv, Bialik aliwakusanya watu Sabato alasiri kwa mihadhara na nyimbo, wengi wao wakiwa watu ambao asubuhi yake hawakukanyaga sinagogi. Mimi ni mtoto wa njia hiyo ya pili.

Sasa Pasaka, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndiyo sikukuu ambayo Myahudi asiyeamini huiacha mwisho kabisa. Kiini chake hakifanyiki sinagogi. Hufanyika nyumbani, mezani, na wa kuiongoza ni mwenye nyumba. Kitabu kinachosomwa huitwa Hagada. Katikati ya meza huwekwa sahani yenye mboga chungu kwa ajili ya uchungu wa utumwa, mchanganyiko mtamu wenye rangi ya udongo kwa ajili ya matofali waliyofyatua Waisraeli, jani bichi la kuchovya katika maji ya chumvi, mfupa uliookwa na yai. Pembeni kuna mikate mitatu isiyotiwa chachu, imefunikwa kitambaa. Kwao Ujerumani mama yangu alitumia mzizi mkali wenye kutoa machozi. Nyumbani kwangu Mombasa tunatumia mchunga, ambao hauhitaji kuombwa uwe mchungu, na ule mchanganyiko wa matofali tunautengeneza kwa tende na korosho badala ya matofaa. Wayahudi wa Iraki na wa Yemeni walitumia tende karne nyingi kabla yetu, kwa hiyo hatujazua kitu. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza mbona usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote, na yote yanayofuata, hadi saa za usiku mkubwa, huhesabiwa kuwa jibu lake.

Nyumbani kwangu mtoto huyo huwa na swali jingine ambalo halimo kitabuni: je, ni kweli? Jibu letu ni kwamba kisa hiki, kwa namna kilivyoandikwa, hakikutokea. Kitabu cha Kutoka kinataja wanaume 600,000 waliotoka kwa miguu, mbali na watoto, na ukiongeza wanawake na watoto unapata umati unaoweza kuzidi milioni mbili. Wataalamu wa akiolojia waliochimba katika jangwa la Sinai hawajaona dalili ya umati wa namna hiyo kuishi huko miaka 40. Maandishi ya kale kabisa nje ya Biblia yanayokubaliwa na wengi kuwa yanaitaja Israeli yamo katika jiwe la ushindi la Farao Merneptah, la mwaka 1208 hivi kabla ya Kristo, ambalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Cairo. Jiwe hilo linawahesabu Waisraeli miongoni mwa watu wa Kanaani na linajigamba kwamba wameangamizwa, mbegu yao haipo tena. Farao alijisifu mapema. Na haya siyo maneno ya wasioamini peke yao: mwaka 2001 rabi David Wolpe wa Los Angeles aliwaambia waumini wake, katika majira ya Pasaka yenyewe, kwamba kutoka Misri kulivyosimuliwa na Biblia kuna uwezekano mkubwa kuwa hakukutokea hivyo, na mabishano yaliyozuka yalienea mbali sana na sinagogi lake.

Tukishamwambia mtoto hivyo, tunakisoma kisa chote. Mataifa mengi yanapojitungia asili huchagua wafalme na mashujaa, au huchagua kushuka kutoka kwa miungu. Waliotunga kisa hiki waliwachagua watumwa. Walijiwekea mababu waliofyatua matofali chini ya mjeledi, kisha wakaijenga sheria juu ya msingi huo: usimdhulumu mgeni, kwa maana ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Hapa pwani hamhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mnajua kwamba hata leo ziko nyumba ambamo kumwambia mtu babu yake alikuwa mtumwa ni tusi, na ukoo unafichwa, unabandikwa jina jingine, unatafutiwa bandari ya mbali. Wayahudi wanaagizwa kulisema hilo la babu zao kwa sauti, kila mwaka, mbele ya wageni waalikwa, na kulisema kana kwamba wao wenyewe ndio waliotoka. Ukweli wa sentensi hiyo hautegemei kilichopatikana Sinai.

Hagada ina fungu la wana wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Mwovu huuliza, "Ibada hii maana yake nini kwenu?" Kitabu kinamkamia: amesema kwenu, hakusema kwetu, kwa kuwa amejitoa katika jamii, mtie ganzi meno yake, umwambie kwamba angalikuwako kule asingalikombolewa. Fungu hilo limesomwa mbele yangu kwa miaka mingi na macho ya meza nzima yakinielekea, mengine kwa mzaha na mengine bila mzaha. Lakini tazameni maneno yenyewe kama mwalimu anavyotazama daftari la mwanafunzi. Mwana mwenye hekima naye anauliza juu ya sheria ambazo Mungu wetu "amewaagiza ninyi", na hakuna anayemtia ganzi meno. Wafafanuzi wa dini wameijua taabu hiyo kwa karne nyingi na wametoa majibu ya kila aina, mazuri na ya kulazimisha, ila hawakuifuta sentensi. Na yule mwovu, pamoja na ukali wote anaomiminiwa, ameandikiwa nafasi. Hagada haifikirii meza ambayo yeye hayupo.

Hagada yenyewe imebadilishwa mara nyingi, na si kwa siri. Katika vijiji vya ushirika vya kibbutz, ambako vijana waliotoka Ulaya wakahamia Palestina walilima kwa pamoja na wengi wao waliikataa dini, palitungwa Hagada mpya mamia, nyingine zikichapishwa kwa mashine za kurudufu na kuchorwa na wanakijiji wenyewe. Waliingiza mashairi ya majira ya kuchipua, mavuno ya shayiri, safari za wahamiaji. Jina la Mungu walilipunguza au kuliondoa. New York, chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi kilichoitwa Arbeter Ring kiliandaa meza ya tatu, baada ya zile mbili za desturi, ikiendeshwa kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na kujaa nyimbo za wafanyakazi. Maasi ya Wayahudi wa mtaa uliozingirwa wa Warsaw dhidi ya Wanazi yalianza tarehe 19 Aprili 1943, siku ya mkesha wa Pasaka, na tangu hapo Hagada nyingi, za wenye dini na za wasio na dini, zina ukurasa wa kuwakumbuka. Tarehe 4 Aprili 1969, mwaka mmoja kamili baada ya Martin Luther King kuuawa, mamia ya watu, Weusi na Weupe, Wayahudi na Wakristo, walikusanyika katika kanisa moja la Washington kwa ajili ya Pasaka iliyounganisha kisa cha Misri na harakati za Wamarekani Weusi.

Liko fungu moja ambalo waandishi wengi wa Hagada hizi mpya wamelifuta: "Mimina ghadhabu yako juu ya mataifa yasiyokujua." Ni maneno ya Zaburi, yaliingizwa Hagada katika Zama za Kati, na yanasemwa mlango ukiwa wazi. Naielewa sababu ya kulifuta. Kwangu halijafutwa. Tunalisoma, kisha tunasimama kueleza kwamba walioliingiza waliishi Ulaya, mahali ambapo majira ya Pasaka yaliweza kuleta kundi la watu wenye mapanga, na kwamba mtu asiye na silaha alikuwa na zaburi tu ya kujibu. Maelezo hayo huchukua dakika chache. Kulifuta kungewafanya mababu zetu wawe watu wapole kuliko walivyokuwa, na mimi nimefundisha historia miaka mingi mno kukubali hilo.

Hanuka nitaipitia kwa haraka zaidi, ingawa ndiyo inayojulikana sana nje ya Wayahudi. Watoto husimuliwa kwamba hekalu lilipotakaswa lilipatikana chupa moja la mafuta ya kutosha siku moja, nalo likawaka siku nane. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki mlio hapa mnacho katika Biblia zenu na sisi hatunacho katika yetu, kinaeleza vita vya Wamakabayo dhidi ya mfalme wa Kiyunani na kuwekwa wakfu upya kwa madhabahu mwaka 164 kabla ya Kristo, na hakitaji mafuta hata tone. Kisa cha mafuta kimo katika Talmudi ya Babeli, iliyokamilishwa zaidi ya miaka 500 baadaye. Wazayuni wa mwanzo, waliotaka Wayahudi wawe na taifa lao, walifurahi kukiweka kando, wakatunga nyimbo za kusema wazi kwamba hawakuona muujiza bali walichonga mwamba kwa mikono yao, na Wamakabayo wakawa mashujaa wa taifa. Mimi siwezi kuufurahia ushujaa huo kwa urahisi, kwa sababu ukisoma sura ya pili ya kitabu hicho utaona kwamba aliyeuawa kwanza na mzee Matathia, baba wa Wamakabayo, kabla ya ofisa wa mfalme, alikuwa Myahudi aliyekuja kutoa sadaka kwa desturi ya Kiyunani. Vita vile vilikuwa pia vya Wayahudi dhidi ya Wayahudi walioacha sheria. Anayewasha mishumaa ya Hanuka bila kuamini awashe akijua ni upande upi wa panga angekuwa.

Purimu ni shughuli nyingine. Kitabu cha Esta katika Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja, na kwa hiyo ungedhani ni sikukuu iliyotengenezwa kwa ajili yetu: malkia anayeficha kabila lake, waziri Hamani anayepanga kuangamiza watu wake, mfalme mlevi, mti wa kunyongea unaomgeukia aliyeusimamisha. Watoto huvaa kama wafalme na wanyama, na kila jina la Hamani linaposomwa hupigwa kelele na njuga hadi lisisikike. Lakini sura ya tisa inasema kwamba Wayahudi waliwaua adui zao 75,000. Kwa muda mrefu wasomi wetu wa kilimwengu walijibu kwamba hiki ni kisa tu, ndoto ya kisasi ya watu waliokuwa wanyonge, na kwamba hakuna mwanahistoria anayeamini mauaji yale yalitokea. Ndivyo ilivyo. Hata hivyo, tarehe 25 Februari 1994, ambayo ilikuwa siku ya Purimu na pia ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi, daktari kwa kazi yake, aliingia katika Msikiti wa Ibrahimi huko Hebron akawafyatulia risasi waumini waliokuwa katika sala ya alfajiri, akawaua 29. Tangu hapo neno "kisa tu" limekuwa zito mdomoni mwangu. Mtu anaweza kukataa kwamba jambo fulani lilitokea zamani, na mwingine akasoma ukurasa ule ule akatoka nao mlangoni. Katika nyumba yetu sura ya tisa husomwa kwa sauti ya chini, njuga zikiwa zimewekwa chini, na Hebron hutajwa.

Waheshimiwa, nimesema mengi juu ya siku. Niseme kidogo juu ya visa. Kisa kimoja cha Talmudi kinapendwa kuliko vyote na Wayahudi wa namna yangu, na kwa kawaida tunakisimulia nusu. Marabi walibishana kuhusu tanuri iliyojengwa kwa vipande vilivyotenganishwa na mchanga: je, inaweza kunajisika? Rabi Eliezer alisema haiwezi, wenzake wote wakasema yaweza. Eliezer alitoa kila hoja, wasikubali. Akasema, kama sheria ni kama nisemavyo, mti huu na uthibitishe. Mti ukang'oka ukasogea dhiraa 100, nao wakamjibu kwamba mti hautoi ushahidi. Akauita mfereji, maji yakarudi yalikotoka. Wakamjibu vivyo hivyo. Kuta za nyumba ya kusomea zikainama kutaka kuanguka, Rabi Yoshua akazikaripia: wanazuoni wakishindana katika sheria, ninyi yanawahusu nini? Kuta hazikuanguka kwa heshima ya Yoshua, wala hazikunyooka kwa heshima ya Eliezer. Mwishowe sauti ikatoka mbinguni ikisema Eliezer ndiye mwenye haki. Yoshua akasimama akanukuu Torati: "Haiko mbinguni." Sheria imekwisha kutolewa, na sasa huamuliwa na walio wengi. Baadaye rabi mwingine alikutana na nabii Eliya akamwuliza Mungu alifanya nini saa ile, na Eliya akajibu kwamba alicheka, akasema: wanangu wamenishinda.

Hapo ndipo tunapokomea, tukiwa tumefurahi, kwani nani asingependa maandiko matakatifu yanayompa binadamu haki ya kuamua? Talmudi yenyewe haikomei hapo. Walioshinda walivichukua vyote alivyokuwa Eliezer amevitangaza kuwa safi wakavichoma moto, kisha wakapiga kura kumtenga. Aliyejitolea kumpelekea habari alikuwa mwanafunzi wake Akiva, kwa kuogopa kwamba mtu asiyefaa akitumwa ataiharibu dunia. Akiva alivaa nguo nyeusi, akaketi dhiraa nne mbali naye, akasema, "Mwalimu wangu, naona wenzako wanajitenga nawe." Eliezer akayararua mavazi yake, akaketi chini, akalia, na kisa kinasema mizeituni, ngano na shayiri viliharibika siku hiyo. Mkewe Eliezer, ambaye kaka yake Gamalieli ndiye aliyekuwa kiongozi wa marabi, alikuwa akimzuia mumewe asianguke kifudifudi katika sala ya majonzi, kwa kujua kwamba sala ile itamuua kaka yake. Siku moja akapitiwa, na Gamalieli akafa. Na mahali kisa hiki kilipowekwa ni katikati ya majadiliano marefu juu ya dhambi ya kumuumiza mtu kwa maneno. Waliokipanga pale walikubali kwamba wengi walikuwa na haki ya kuamua, na wakahakikisha pia kwamba msomaji anaona walivyoitumia. Sisi tusioamini tunalaumu sana wahubiri kwa kuchagua aya zinazowafaa. Kwa kisa hiki tumefanya hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Rafiki zangu wa dini wananipa hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Wanasema: mnakula katika chungu ambacho wengine wanakipika, ninyi mnajua cha kubishana nacho kwa sababu kizazi kilichowatangulia kilisali, je, wajukuu wenu watabishana na nini? Historia inawapa nguvu. Shule za Kiyidishi za kilimwengu zilizostawi Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 zimebaki chache mno, na lugha yenyewe leo inasemwa zaidi na wacha Mungu ambao waanzilishi wa shule zile waliwapinga. Jaribio la kujibu lipo. Mwaka 1963, karibu na Detroit, rabi Sherwin Wine alianzisha jumuiya ya Kiyahudi isiyosali, akaondoa kila sentensi ambayo yeye na watu wake hawakuiamini, akaandika nyingine mahali pake. Jumuiya za namna hiyo zipo mpaka sasa. Nauheshimu msimamo wa mtu aliyekataa kutamka asichokiamini. Maneno yake mapya, hata hivyo, yananiacha bila cha kufanya, kwa kuwa nakubaliana nayo yote. Ghadhabu inayomiminwa, mwana mwovu, sura ya tisa ya Esta, Akiva katika nguo nyeusi: hivyo ndivyo vinavyonirudisha mezani, na hivyo ndivyo ninavyotaka wajukuu wavikute vikiwa vizima ili nao wachukizwe navyo kwa akili zao wenyewe.

Katika maswali yaliyoletwa kwa maandishi kabla ya mkutano huu kuna moja linalouliza tunafanya nini mtu anapofariki. Iko sala ya waliofiwa iitwayo Kadishi. Imeandikwa kwa Kiaramu, haitaji kifo wala marehemu. Tangu mwanzo hadi mwisho inalitukuza jina la Mungu na kuomba ufalme wake uje. Kwa desturi haisemwi mpaka wapatikane watu wazima kumi, ambao kwa wenye kushika desturi ya zamani lazima wawe wanaume, na hao kumi huhesabiwa kwa vichwa bila yeyote kuulizwa anaamini nini. Baba yangu naye hakuwa mtu wa sala. Alipozikwa Nairobi, watu walitosha, kitabu kikawekwa mkononi mwangu, nikaisoma Kadishi yote kwa lugha ambayo naifahamu nusu, nikimsifu ambaye sidhani yuko. Sherwin Wine angesema sikuwa mkweli, na kwa vipimo vyote nilivyovieleza hapa mbele yenu tangu nianze, ni vigumu kumpinga. Sikuandika maelezo pembeni, sikubishana na neno hata moja, na ningeombwa leo ningeisoma tena. Hilo sijalipatanisha na mengine niliyoyasema, na sitajaribu kulipatanisha kwa ajili ya hotuba. Maswali yaliyobaki nayakaribisha.